Waamkizi Hawana Mbio

Jumamosi iliyopita wenzangu wa shahada ya uzamili walinialika kucheza. Mmoja wao, anayesomea takwimu, alikuwa amechapisha karatasi za mchezo wa kujibunia mhusika. Unapewa ukurasa, unaandika jina, unachagua jamii ya viumbe ambamo mhusika wako amezaliwa, kisha msimulizi na dadu wanaamua kama ataishi au atakufa. Nilikuwa nimetulia vizuri mpaka aliponiona nasita kwenye mstari wa jamii. Akainama karibu na bega langu, akaniambia kwa wema kabisa: "Usichague kwa kupenda. Angalia namba. Hao unaowatazama ni watamu kuwasoma tu, lakini mbio hawana." Niliweka kalamu mezani. Nakumbuka niliiweka sambamba na ukingo wa karatasi, kwa uangalifu mkubwa, ili mikono ipate kazi ya kufanya. Nikasema tumbo linaniuma, nikatoka.

Tangu siku hiyo sijaandika hata mstari mmoja wa tasnifu. Kila nikifungua kompyuta naona ukurasa mwingine kabisa, wa daftari ambalo watu wa rika langu watalikumbuka kwa jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya jalada, ukiwa na mwandiko wa kaka yangu Yona ulioegemea kushoto. Yona hayupo tena. Alifariki akiwa mtu mzima, kwa ugonjwa uleule aliozaliwa nao, na kuna swali moja ambalo sikumwuliza. Naandika ili nilipange tu. Sitegemei kulijibu.

Tuliishi Katubuka, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa. Baba alikuwa na kazi Mpanda na alikuja nyumbani mara chache, akikaa siku mbili tatu kama mgeni anayeheshimiwa. Mama alinunua dagaa wabichi mwaloni Kibirizi, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akawaanika na kuwauza wakavu, hivyo nguo zake, kitanda chake na hata noti zake zilikuwa na harufu moja, na mimi mpaka leo nikiipata harufu hiyo sokoni nageuka kumtafuta. Yona alinizidi miaka mitano. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu, na kwa muda mrefu nilielewa vibaya neno hilo. Nilisikia majirani wakisema "yule mtoto wa Mama Yona ni selimundu" kwa sauti ileile waliyotumia kusema huyu ni Muha na yule ni Mbembe, nikahitimisha kwamba selimundu ni kabila. Niliona lina sifa zake: macho ya njano kidogo, miguu myembamba, kunywa maji mengi, kutoruhusiwa kuogelea ziwani asubuhi maji yakiwa ya baridi. Siku moja nilimwuliza mama kwa nini Yona ni selimundu wakati sisi wengine wote ni Waha. Mama aliacha kupepeta dagaa. Akasema, "Hakuchagua, mwanangu," na akaendelea na kazi. Jibu hilo lilinithibitishia kwamba wapo wanaochagua.

Mchezo ulikuja na Yona kutoka wodini. Katika moja ya zile safari zake za kulazwa, kijana aliyekuwa akijifunza udaktari alimwachia kurasa kadhaa za kunakili, za Kiingereza, zenye picha za viumbe wenye masikio marefu na ndevu za kusuka. Yona alizitafsiri kwa kamusi ya shule, na pale kamusi iliposhindwa alibuni. Viumbe wale wa mbali aliwaona hawana ladha. Aliwafuta, akaandika wa kwake. Kulikuwa na Wana-Mawe, waliozaliwa kwenye miamba ya ufukweni, wenye nguvu kumi na ngozi isiyopitisha mkuki. Kulikuwa na Wapiga-Mbizi, ambao pumzi yao haikuisha, na Wakwezi, waliolala juu ya michikichi na kuona hatari kabla haijafika. Mwishoni kabisa, kama kitu alichokiongeza kwa utani, kulikuwa na Waamkizi.

Waamkizi aliwatoa kwa bibi yetu wa Simbo. Bibi hakumpita mtu njiani bila kusimama, kuinama, kupiga makofi yale ya taratibu ya viganja vilivyokunjwa, na kuuliza habari za watu wote wa nyumba ile, wa shamba lao na wa mifugo yao, na mwenzake naye akimjibu kwa makofi na maswali yaleyale. Kutembea naye kwenda kisimani ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Waamkizi wa Yona walikuwa hivyo. Kila walichokutana nacho, kiwe mtu, chui au mto uliofurika, walilazimika kukiamkia mpaka mwisho kabla ya kufanya jambo lolote. Kwa kanuni za mchezo, walipoteza mrusho wa kwanza wa dadu kila mara. Mbio zao zilikuwa sifuri. Nguvu mbili. Kwenye mstari wa faida Yona aliandika: "Wanapendeza."

Nilichagua hao. Zuhura, binti wa jirani, rika langu, mtoto mwenye ulimi kama wembe, alichagua Wana-Mawe bila hata kusoma walivyo. Alihesabu namba kwa kidole na kuweka alama.

"We una wazimu," aliniambia. "Mpaka umalize shikamoo zako, mamba kashamaliza miguu."

"Mamba naye ataitikia," nilisema.

"Ataitikia kwa meno!"

Yona alicheka mpaka akashika mbavu, na mbavu kwake hazikuwa kitu cha kuchezea. "Mwache," alisema. "Ukitaka kushinda, chagua kama Zuhura. Mdogo wangu anataka kuwa mtu fulani, hataki kushinda." Halafu akarusha dadu, ambazo alizichonga kwa wembe kutoka kwenye soli ya ndala na kuzitoboa kwa msumari wa moto, na mamba akala mguu wangu wa kushoto.

Sijui namna ya kueleza furaha ile bila kuiharibu. Nilikufa mara nyingi sana. Nilikufa nikiwa nimeinama, nikimwuliza jitu la pangoni habari za watoto wake. Yona alinipa kila mara kifo chenye heshima, na kila mara nilianza tena na Mwamkizi mwingine, mtoto au mpwa wa yule aliyekufa. Nilianza kuishi hivyo hata nje ya daftari. Nilipiga magoti kwa watu ambao wenzangu waliwapita kwa "shikamoo" ya kukimbia. Wazee wa mtaa wetu walinisifu kwa mama, mama akafurahi, nami nikaamini kwamba nimepata kabila langu.

Siku ile mama alikuwa mwaloni tangu alfajiri. Yona alikuwa na maumivu kwa siku mbili, yale ya kawaida ya mifupa, na kazi yangu ilikuwa kumpa maji na kubaki karibu. Mchana tulikuwa mkekani, daftari katikati yetu. Mwamkizi wangu alikuwa amefika kwenye lango la mfalme wa chini ya ziwa, na Yona alikuwa akimsemea mlinzi wa lango. Alikuwa hodari wa sauti. Ghafla sauti ya mlinzi ikawa nzito na yenye kuteleza, kama ya mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. Sikuelewa neno hata moja. Nilifurahi. Nilidhani ni lugha ya chini ya maji. Nikapiga makofi yangu, nikainama, nikamwamkia mlinzi, na yeye akanijibu kwa sauti ileile, akinitazama kwa jicho moja lililofunguka kuliko lingine. Nikacheka. Nikasema, "Hapo umeweza, kaka." Kikombe cha maji kikamponyoka mkononi, maji yakalowesha daftari, naye hakulinyanyua. Yona hakuwahi kuacha daftari lilowe.

Hapo ndipo nilipoona mate yanamtoka upande mmoja, na upande huo wote wa uso umeteremka.

Nilikimbia. Hilo nalisisitiza kwa ajili yangu mwenyewe, kwa sababu nyakati nyingine nikilala nahisi kwamba nilitembea. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, ukipanda kilima, ilikuwa ya Mzee Ntibona, mwenye pikapu ya kubebea madumu ya mawese, gari pekee katika mtaa wetu. Simu ya nyumbani alikuwa nayo mama. Nilifika nikihema, nikamkuta Mzee Ntibona barazani na wazee wawili wageni kutoka Kasulu, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Walikuwa katikati ya mazungumzo. Wote watatu wakageuka kunitazama.

Nikapiga magoti.

Nimekirudia akilini kitendo hicho mara nyingi mno, nikikipima kama mtu anayekagua uzio kutafuta pa kupenya. Sikufikiri. Au nilifikiri, na nilichofikiri ni kwamba hivi ndivyo mtu wa kabila langu anavyofanya. Magoti yalishuka yenyewe, viganja vikakutana. "Shikamoo, Mzee." Nikamwamkia mgeni wa kwanza, kwa Kiha, kama Bibi alivyonifundisha, kwa makofi. Nikamwamkia wa pili.

"Marahaba, binti," alisema Mzee Ntibona. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yupo?"

"Yuko mwaloni."

"Na kaka yako, hajambo?"

"Hajambo," nilisema.

Ndiyo. Nilisema hajambo. Sisi sote tumelelewa kwenye jibu hilo, tunalitoa hata tukiwa na maiti ndani, kisha ndipo tunaongeza "ila." Nilikuwa nikingoja nafasi ya "ila" yangu. Lakini mgeni mmoja alipendezwa na Kiha changu. Akamwambia mwenyeji, "Watoto wa mjini siku hizi hawajui hata kuinama. Huyu kalelewa." Akaniuliza bibi yangu ni wa ukoo gani wa Simbo. Nikamjibu. Ikatokea kwamba alimjua ndugu ya bibi. Wakaanza kuhesabu nani alimwoa nani, na mimi nilibaki pale magotini, uso chini, kwa sababu mtoto hakati maneno ya wakubwa, na kwa sababu, nalazimika kuliandika hili, nilikuwa nimesifiwa na nilitaka kustahili sifa ile hadi mwisho.

Walipotulia kunywa chai, nilisema, "Mzee, Yona amedondosha kikombe."

Wakacheka kwa upole. "Kimevunjika?" Mzee Ntibona aliuliza. "Kwa hiyo unaogopa fimbo? Mwambie mama nimesema asikuchape."

"Hakijavunjika. Ni cha plastiki." Nilikuwa na haja ya kuwa sahihi. "Ila mdomo wake umehama."

"Umehama vipi?"

Nikavuta shavu langu kwa kidole, likashuka.

Mzee Ntibona aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Tangu saa ngapi? Mtoto wewe! Mbona hukusema? Umekaa hapa unaniamkia!" Alikuwa tayari anatafuta funguo, akizipita mara mbili mezani bila kuziona. Mmoja wa wale wageni, mzee wa watu, alikimbia mbele yangu kuelekea nyumbani kwetu. Nilimwona akikimbia, kanzu imeshikwa kwa mkono, na nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mtu mzima anaweza kuondoka bila kuaga.

Hospitalini, mama alipofika akiwa bado na magamba mikononi, daktari aliuliza ilianza lini. Mama akanigeukia. "Ilianza saa ngapi, mwanangu? Sema." Nilimtazama Mzee Ntibona, aliyekuwa amesimama ukutani na kofia yake mkononi. Nikasema, "Palepale tu. Nilikimbia palepale." Daktari akaandika. Mzee Ntibona hakusema neno. Hakulisema siku ile wala baadaye, na nyakati nyingine nadhani kwamba ukimya wake ulikuwa huruma, na nyakati nyingine kwamba alikuwa na aibu ya chai yake. Rafiki yangu daktari, nilipomsimulia kama kisa cha mtoto mwingine, alisema kwamba pengine dakika zile zisingebadilisha kitu, kwa hali ya vifaa vya wakati ule. Alisema pengine. Nimekaa na neno hilo kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Wiki alizolazwa nilifanya jambo ambalo nilidhani lingetengeneza yaliyoharibika. Nililianika daftari juani, kurasa zikakauka zikiwa zimevimba. Nikachukua wembe, nikakwangua neno Waamkizi kwenye ukurasa wangu mpaka karatasi ikatoboka, na pembeni ya tundu nikaandika Wana-Mawe. Nguvu kumi. Mbio sita. Nilihesabu kwa kidole kama Zuhura. Kwa akili yangu ya wakati ule, Yona alikuwa bado amekwama kwenye lango la mfalme, kwa kuwa mchezo ulikatika hapo, na wa kumtoa ni mtu mwenye uwezo wa kubomoa lango.

Zuhura aliona tundu. "Hairuhusiwi kubadili! Kaka yako alisema ukishazaliwa umezaliwa."

"Nyamaza."

"Nitamwambia akirudi."

"Mwambie!" nilipiga kelele, na nikaanza kulia kwa namna iliyomtisha, akaondoka bila kumalizia utani.

Nikaacha kuamkia watu. Niliwapita wazee wa mtaa nikiwa nimekaza taya, mikono mfukoni, nikijiambia kwamba mimi ni jiwe. Bibi alipokuja kutoka Simbo kumwona mgonjwa, aliinama mlangoni na kuanza makofi yake, nami nikapita pembeni yake kwenda uani. Mama alinifuata na kunizaba kibao. "Umekuwa mnyama? Kaka yako yuko vile na wewe unaniongezea aibu?" Kibao kilinipa nafuu. Nilitamani kingine. Usiku nilijaribu kumweleza mama kuhusu chai na ukoo wa bibi na magoti yangu, nikafika mpaka "Mama, siku ile," naye, akidhani naomba msamaha kwa jambo la Bibi, akasema yameisha, nilale.

Yona alirudi nyumbani akiwa na mkono wa kulia uliokunjwa kifuani na mguu wa kulia uliomfuata kwa kuchelewa. Maneno hayakurudi. Alikuwa na sauti moja tu, kitu kati ya "e" na "o," aliyoitumia kwa maji, kwa maumivu na kwa jina langu. Mama alijifunza kuzitofautisha. Mimi niliogopa kujifunza, kwa sababu ningeweza kuelewa jambo ambalo sikutaka kulisikia. Alinitazama sana. Sikujua alichokikumbuka, na hilo ndilo swali ambalo sikuwahi kumwuliza. Nilicheka mbele ya uso wake ukiteremka, nikamwambia ameweza, nikatoka, na nikachelewa kurudi: kama hayo yote yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake, hayakuwa na mlango wa kutokea.

Baada ya siku nyingi nilileta daftari mkekani. Zuhura alikuwepo, ameketi kwa adabu isiyo yake. Nilimwambia Yona kwamba sasa mimi nitakuwa msimulizi na yeye atacheza, kwani hajawahi kuwa na mhusika wake mwenyewe. Nilifungua ukurasa wa jamii zote nne. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamweleza kuhusu Wana-Mawe kama mchuuzi, nikitaja kila namba, ngozi isiyopitisha mkuki, miguu isiyochoka. "Chagua hawa, kaka. Hawa hawafi." Nikamtajia Wapiga-Mbizi, pumzi isiyoisha. Nikamtajia Wakwezi. Waamkizi nilikuwa nimewafunika kwa kiganja.

Yona alikitazama kiganja changu. Akaleta mkono wake wa kushoto, ule uliobaki kuwa wake, akashika kidole changu cha mwisho, akakinyanyua. Halafu kinachofuata. Hakuwa na haraka. Alipomaliza kunyanyua vyote, akaweka kidole chake pale chini, kwenye mstari wa mwisho.

"Siyo hao," nilisema. "Hao hawana mbio. Kaka, hao hawana kitu."

Hakukiondoa kidole.

"Basi utakufa," nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa mbaya, kwa maana nilitaka kumtisha, nilitaka abadili, nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile aniambie kwamba kabila lile lilikuwa kosa. "Uko kwenye mto. Maji yanapanda. Yameshafika kiunoni. Yanakuja kwa kasi, hakuna muda. Unafanya nini?"

Yona aliinamisha kichwa kwa mto. Mkono wa kulia haukuweza kuja, kwa hiyo alitumia mkeka: akakunja kiganja cha kushoto na kukipiga chini, taratibu, mara moja, akangoja, mara ya pili, akangoja, kama Bibi anavyongoja aitikiwe. Sauti yake ile moja ilimtoka, ndefu, ikishuka na kupanda mahali ambapo maswali hupanda. Alikuwa akiuliza habari. Habari za nyumbani, kwa jinsi ilivyopanda, kisha za watoto, kisha za shamba.

"Rusha," Zuhura alininong'oneza. "Kashapoteza mrusho. Maji yamemfika shingoni, rusha."

Nilikuwa na dadu mkononi na jasho lilikuwa limezilowesha. Sikurusha. Alikuwa bado hajamaliza.